Bakshishi ya Mama Nurjehan

Juma lililopita mliniacha nimekaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli, viatu mkononi, begi langu moja pembeni, mwenye nyumba wa Harrow ameshanitoa chumbani kwake. Wapo walioniandikia kuniuliza kwa nini sikurudi nyumbani tu. Nitawajibu siku nyingine. Leo nimechoka, na ya leo yenyewe yanatosha.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: naitwa Devota, mzaliwa wa Bukoba. Ninayoyasimulia ni ya mwaka 2004. Nilikuwa natandika vitanda kwenye hoteli moja karibu na stesheni ya Paddington, London, huku jalada langu la kuomba kibali cha kukaa likiwa Croydon, kwenye ofisi za uhamiaji. Kibali kikitoka, ningemleta Koku, binti yangu, niliyemwacha kwa mama yangu akiwa hajaanza shule. Kikikataliwa, narudishwa mikononi mwa shemeji zangu, wale waliochoma nyumba yangu. Hayo niliyaeleza mwanzoni na sina nguvu ya kuyarudia.

Wakili wangu alikuwa na wosia mmoja tu. "Polisi wasikuandike jina, Devota. Hata kwa kuvuka barabara vibaya. Wakikuandika, mimi sina la kukusaidia."

Mwingine wa kumjua ni Njoroge, Mkenya wa Nakuru, mbeba mizigo pale hotelini. Ndiye aliyenitafutia ile kazi. Ndiye pia aliyenikuta kwenye zile ngazi, akabeba begi langu, na yeye na mkewe wakanipa kochi lao nilale mpaka mambo yakae sawa. Wana mtoto mchanga na chumba kimoja, na hawakuninunia hata siku moja.

Ila pale kazini hakuna Njoroge. Beji yake kifuani imeandikwa Gires, kwa sababu alikuwa anafanya kazi kwa makaratasi ya Mkongo mmoja wa jina hilo aliyehamia Ubelgiji. Meneja alimwita Gires. Wageni walimwita Gires. Na mimi mwaka mzima nilijilazimisha kumwita Gires hata tukiwa wawili tu kwenye lifti, ili ulimi uzoee.

Basi ndivyo tulivyokuwa walipofika wale wazee kutoka Mexico.

"Mama Koku," Njoroge aliniambia, akisukuma toroli tupu la mizigo, "kuna wazee wameingia chumba cha kona. Watu wa Toronto. Wamekuja harusi ya mpwa wao hapo Harrow, lakini wamepitia Cancún kwanza, kule Mexico matajiri wanaenda kulala ufuoni."

"Wamekupa kitu?"

"Mzee amenipa shukrani. Mama alitia mkono kwenye mkoba, mzee akamwangalia, mkono ukatoka mtupu."

"Shukrani nayo ni kitu, Gires."

"Haya, nitampelekea mke wangu aipike."

Asubuhi ya pili nikaingia chumba cha kona na toroli langu la mashuka. Wenyewe walikuwa wameshuka kula. Kwenye mto wa upande wa dirishani, katikati kabisa, ilikuwepo noti ya dola imenyooshwa vizuri.

Niliiangalia kama mtu anavyomwangalia nyoka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa hivi: fedha iliyo mezani ni ya mgeni, iliyo sakafuni ni ya mgeni, na iliyo kwenye mto pia ni ya mgeni, mpaka arudishe ufunguo na kuondoka. Akitaka kukupa kabla ya hapo, aandike kikaratasi kwamba amekupa. Bila kikaratasi, umeiba. Dada mmoja aliyekuwepo kabla yangu alichukua bila kikaratasi, akatolewa kwa mlango wa nyuma.

Basi nikaichukua ile noti kwa vidole viwili, nikaiweka kwenye meza ndogo chini ya taa, nikatandika kitanda, nikaenda zangu. Kesho yake nikakuta nyingine. Nayo nikaiweka chini ya taa, pale ya jana ilipokuwa imeshaondolewa.

Siku iliyofuata nilimkuta mwenyewe.

Alikuwa mama mdogo wa umbo, mzee, amejifunga shali mabegani, na mkononi amevaa mkanda wa plastiki wa buluu, ule wanaofungwa wageni kwenye hoteli za ufuoni. Hakuwa ameukata tangu Cancún. Aliniambia kwa Kiingereza niendelee tu, yeye hana njaa, mumewe ametangulia chini.

Nikazunguka kitanda kwa haraka na kujigonga mguu kwenye ubao wake.

"Mama yangu wee," nikajisemea.

Yule mama akageuka. "Umesema nini?" akaniuliza. Kwa Kiswahili.

Nilisahau maumivu. "Nimejigonga tu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Bukoba, Mama."

Alikaa kitandani polepole, kwenye shuka nililokuwa sijamaliza kulinyoosha. "Bukoba," akasema. "Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Bukoba, pale karibu na soko. Mimi nimekula senene, binti. Nyuma ya duka, kwa siri, na watoto wa jirani. Mama angejua angenichapa."

Tulicheka wote wawili. Sijui mara ya mwisho nilikuwa nimecheka lini. Akaniambia jina lake ni Nurjehan, kwamba mumewe Firoz ni mtu wa Karachi na Kiswahili hajui hata salamu, na kwamba tangu dada yake afariki hajapata mtu wa kuongea naye lugha hiyo. Alikuwa anakitafuna Kiswahili taratibu kama mtu anayefungua saumu.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile yangu uliipata?"

"Ipi, Mama?"

"Ya kwenye mto. Ya jana na ya juzi."

"Sikuichukua, Mama. Sheria ya hapa hairuhusu. Nimeziweka pale chini ya taa, zote mbili."

Akaangalia chini ya taa. Hapakuwa na kitu. Akafungua droo. Mlikuwa na miwani ya mzee na dawa za tumbo.

"Asubuhi nani anatoka mwisho chumbani?" nikauliza, na papo hapo nikatamani ningenyamaza.

Akafunga droo. "Mzee," akasema. "Kila siku ananiambia nitangulie kwenye lifti. Hapa nimekuwa nikisahau kuiweka, narudi mara moja yeye akiwa kwenye lifti."

Akaukamata ule mkanda wa plastiki, akawa anauzungusha mkononi. Nilijua natakiwa niwe nimeshamaliza chumba kile na kuingia kingine. Nikabaki nimesimama na foronya mkononi.

"Kule Mexico," akasema, "tulipotoka uwanja wa ndege, kwenye basi kulikuwa na mama mmoja wa kutupokea. Akatufundisha. Akasema, anayetandika chumba chako umwachie chochote kila asubuhi, usingoje siku ya mwisho, maana aliyekufagilia Jumatatu huenda Jumamosi hayupo. Uweke kwenye mto, ajue ni yake, asidhani umesahau. Sarafu za kwenu usimpe, benki ya huko haizipokei, utakuwa umempa vyuma. Na umsalimie. Hayo tu."

"Maneno mazuri, Mama."

"Firoz akacheka. Akasema yeye kashalipa kila kitu, ndiyo maana tumefungwa huu mkanda. Chakula kalipia, vinywaji kalipia. Akasema hata tabasamu lao kalilipia Toronto." Akautazama ule mkanda. "Mimi nikawa naweka. Siku ya kwanza, yule binti wa chumba alikunja taulo likawa bata, ana shingo ndefu, na ua mdomoni. Nilifurahi kama mtoto. Siku ya pili pia bata. Halafu basi. Taulo likawa taulo. Nikadhani nimemuudhi. Nikawa naongeza. Kila asubuhi naweka zaidi ya jana, na yeye kila siku amekunja uso."

Nilishaona anakoelekea. Nilitaka kumzuia na sikujua jinsi.

"Siku ya kuondoka nikamuaga, akaitikia bila kuniangalia. Nikasema moyoni, watu wa huku hawana shukrani." Akafunika uso kwa shali. "Kumbe sijampa kitu, binti. Siku zote zile hajapata kitu. Ameniona mimi ni mama mnyimivu, napita namchekea tu."

Mimi ni mtandika vitanda. Najua jinsi mgeni wa namna hiyo anavyosemwa kwenye chumba cha mashuka. Sikumwambia.

Akainuka, akaenda kabatini, akatia mkono kwenye koti la mumewe. Akatoa bahasha, akachomoa noti kadhaa bila kuzihesabu, akaja nazo. Akazitia kwenye kiganja changu na kuvikunja vidole vyangu juu yake kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, niandikie kikaratasi basi. Neno moja tu, na jina lako."

"Maandishi hapana. Mzee akiona maandishi yangu nimekwisha."

"Basi siwezi, Mama. Nitafukuzwa."

"Yule wa Mexico sitamwona tena mpaka nife," akasema, na machozi sasa yanashuka waziwazi. "Wewe pokea badala yake. Au hata wewe, mtu wa Bukoba, unanirudishia mkono?"

Ndugu msomaji, ungefanya nini? Nimelelewa kwamba mtu mzima akikupa, unapokea kwa mikono miwili na unapiga goti, maswali baadaye. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti, pale pale kwenye zulia la hoteli. Kwenye mafunzo yao ya siku ya kwanza sura hiyo haimo.

"Na usimwambie mzee," akasema.

"Simwambii, Mama."

Nikamkuta Njoroge mbele ya lifti. Alinisikiliza, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Bila karatasi? Mama Koku, rudisha hizo pesa saa hii."

"Nitamrudishiaje? Alikuwa analia."

"Wacha alie. Wewe ukilia, yeye atakuletea leso?"

"Nitazipeleka mapokezi nikimaliza zamu. Nitasema nimepewa."

"Enda sasa."

"Nina vyumba bado, Gires. Nikichelewa vyumba napo ni kosa."

Akatikisa kichwa, akaingia lifti. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba haki ya mtu mwingine naiona kama mzigo wa kuongezewa. Nikaendelea na mashuka.

Hata chakula cha mchana hakikufika. Nikaitwa ofisini kwa meneja.

Meneja alikuwa Mwingereza wa makamo, mpole, wa kuongea polepole hata akikasirika. Mbele yake alisimama mzee Firoz, koti limenyooshwa, bahasha mkononi. Mlangoni alisimama Njoroge. Naye ameitwa, kwa sababu sisi wawili ndio tulioingia chumba kile tangu wazee wafike.

"Mgeni wetu amepotelewa na fedha," meneja akasema. "Sitaki kumshuku mtu. Naomba tu mtoe vilivyomo mifukoni."

Njoroge akatoa funguo na tiketi ya basi.

Mimi nikatoa kitambaa cha vumbi. Nikatoa kalamu. Kisha nikatoa dola.

Mzee Firoz akazichukua, akaigeuza ya juu, akamwonyesha meneja nukta ndogo ya wino pembeni. "Natia alama noti zangu zote," akasema. "Kazi ya miaka mingi ya duka imenifundisha."

"Nimepewa," nikasema.

"Na nani?" meneja akauliza.

Nilikuwa nimeahidi. Nikamwona Koku amesimama mlangoni kwa mama yangu, na ile ahadi ikanitoka kama maji kwenye kiganja. "Nimepewa na Mama. Mke wa huyu mzee."

Mzee Firoz hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akisema upuuzi. "Mke wangu hana fedha zake," akamwambia meneja. "Angempa nini?"

"Kuna kikaratasi?" meneja akaniuliza.

"Hakipo."

Akavuta simu karibu yake. Akasema hapendi, lakini utaratibu ni utaratibu, mgeni akilalamikia wizi na mali ikapatikana, lazima polisi waje waandike. Alisema neno kuandika na mimi nikamsikia wakili wangu. 

"Muite Mama kwanza," nikamwambia. "Nakuomba. Muulize yeye mwenyewe."

Akaitwa. Akaingia amejifunga ile shali yake, mkanda wa buluu bado mkononi. Hakuniangalia. Alimwangalia mumewe, na mumewe alikuwa anaangalia kucha zake.

"Samahani kwa usumbufu," meneja akamwambia. "Huyu anasema wewe ndiye uliyempa fedha hizi. Ni kweli?"

 Nikasikia lifti ikipanda upande wa pili wa ukuta.

"Hapana," Mama Nurjehan akajibu kwa Kiingereza. "Mimi simjui."

Kisha akanigeukia. Akanyoosha kidole chake mbele ya uso wangu, akakunja uso, na kwa sauti ya mtu anayekaripia mtumishi, akaniambia kwa Kiswahili:

"Nisamehe, mwanangu. Nilikupa mimi, kwa mkono wangu. Lakini wewe bado kijana, utapata kazi nyingine. Mimi kwa umri huu akinitupa nitakwenda wapi?"

Mzee Firoz akainua macho. "Unamwambia nini?"

"Namwambia aone aibu," akasema.

 Nimewahi kusingiziwa, nimewahi kudhulumiwa, mengine mmeyasoma humu humu. Lakini sijawahi kuombwa msamaha na mtu huku ananizamisha, kwa lugha ya mama yangu. Na kibaya zaidi, nilimwelewa. Nilimwonea huruma wakati nikiwa nimesimama pale. Nikitaka kumtafsiri, nani angemwamini mshitakiwa anayejitafsiria?

Meneja hakuwa mjinga. Aliangalia kile kidole cha Mama Nurjehan, akaona kinatetemeka. Aliangalia macho yake yaliyojaa machozi. Mkono wake mmoja uko kwenye simu, akamgeukia mbeba mizigo wake mlangoni.

"Gires," akasema. "Wewe ni Mkongo. Nimewasikia wewe na Devota mkiongea lugha hii. Huyu mama amesema nini?"

Njoroge akaangalia sakafu.

Nilijua anachokipima. Akisema, yeye ndiye shahidi. Shahidi anaandikwa. Polisi wangemuuliza jina, na siku ya kuzaliwa, na alikozaliwa, na yeye siku ya kuzaliwa ya Gires alikuwa anaikosea hata kwenye mazoezi ya utani nyumbani, mkewe akimshika mtoto na kumcheka. Ile beji ndiyo iliyokuwa inalipa kile chumba. Ndiyo iliyokuwa inanunua maziwa. Kwenye kochi la chumba hicho ndiko nilikokuwa nalala mimi.

"Gires?" meneja akarudia.

Mama Nurjehan akageuka kumtazama. Sasa ndipo alipoelewa kwamba mtu mwingine amemsikia. Rangi ikamtoka usoni.

Njoroge alinitazama. Akavuta pumzi. Nikaona kidevu kinainuka, nikaona midomo inafunguka, nikajua kabisa kwamba huyu mtu anakwenda kusema. Anakwenda kujitosa kwa ajili yangu, na nyumbani kuna mtoto mchanga.

Sikuweza. Hilo sikuweza kulibeba juu ya mengine yote. Kazi iende, jalada liende, lakini si hili. Nikamwambia kwa haraka, kwa Kiswahili, kabla hajatoa neno:

"Usiseme, Njoroge. Achana nayo."

 Nilidhani nimemwokoa. Kisha nikamwona Njoroge amefumba macho.

Meneja alirudisha simu mahali pake taratibu. Hakuwa ananiangalia tena mimi, wala dola zilizokuwa mezani, wala Mama Nurjehan. Alikuwa anaisoma ile beji kifuani, herufi baada ya herufi, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Njoroge ni nani?" akauliza.